Kikombe cha Msukumaji

Nilikwenda Ureno siku kumi na nikarudi mwongo. Nalisema mapema ili msomaji asije akadhani nataka kumsimulia uzuri wa safari tu. Uzuri ulikuwepo, na nitausimulia, maana nikiuficha nitakuwa nimedanganya tena. Lakini kila nikiukumbuka ule mji mdogo wa mawe juu ya mlima, kinachonijia kwanza ni sauti yangu mwenyewe, katika Kifaransa safi, ikimkana baba yangu mbele ya watu tisa.

Mimi ni mwalimu wa Kifaransa hapa Rumonge. Baba yangu, ambaye sasa amevuka miaka themanini, alikuwa msukumaji. Kwa asiyetoka mwambao huu wa Ziwa Tanganyika inabidi nieleze. Mawese yetu, yale mafuta mekundu yanayopakiwa kwenye bidoni za njano kwenda Bujumbura, yalikuwa yakikamuliwa kwa mashine ya mkono, na wako wanaoyakamua hivyo mpaka leo. Ngazi, yaani matunda ya mchikichi, zinachemshwa kwenye pipa, zinatwangwa, zinatiwa ndani ya ndoo ya chuma yenye matundu. Katikati inasimama parafujo nene kama paja la mtu, na juu yake umelazwa mti mrefu. Msukumaji anaweka kifua kwenye mti, anasukuma, anazunguka. Anazunguka tena. Kila akizunguka parafujo inashuka na mafuta yanatoka. Baba alizunguka namna hiyo kule Minago tangu kabla sijazaliwa mpaka nilipokuwa na watoto wangu mwenyewe.

Kazi hiyo ina desturi zake. Mzunguko wa mwisho, mti unapogoma, msukumaji haondoki. Anabaki ameuegemea kwa kifua, uzito wake wote juu yake, mpaka tone la mwisho lidondoke. Wakati huo hakuna anayezungumza. Hata mwenye mashine, mtu ambaye mdomo wake ulifanya kazi kuliko mikono yake, alinyamaza. Kisha kikombe cha kwanza kinachotwa na kupewa msukumaji. Ni haki yake, hakihusiani na malipo ya siku. Lakini kabla hajakipokea ni lazima aseme kwa sauti, watu wasikie: "Nimesukuma." Asiyesukuma hapokei.

Nakumbuka siku moja, nikiwa darasa la tatu, baba aliteguka mguu asubuhi na jirani akamsukumia mpaka jioni. Mwenye mashine akamletea baba kikombe vilevile, kwa huruma. Baba akakirudisha. Jioni hiyo tulikula lengalenga, mchicha wa kuchemshwa kwa chumvi, mama akinung'unika jikoni, nami nikimwona baba kuwa mtu mgumu bure.

Shuleni nilinuka mawese. Kwa miaka mingi hilo ndilo jambo pekee nililolifikiria kuhusu kazi yake. Wenzangu walipouliza, nilijibu kwamba baba yuko "kwenye mambo ya mafuta", nikawaachia wajijengee wenyewe ofisi yenye meza na kalamu. Kwa hiyo uongo niliousema Ureno sikuanza kuujifunza Ureno. Nilikwenda nao kutoka nyumbani.

Mdogo wangu wa kike, kitinda mimba wetu, anaishi huko mwaka wa saba sasa. Anatunza wazee kwenye nyumba ya wazee. Ndiye aliyenitumia mwaliko na tiketi, akisema amechoka kuniona kwenye simu tu. Siku nne za kwanza nilikaa chumbani kwake nikipika na kulalamikia baridi. Siku ya tano alipata likizo fupi akaniambia, kwa lile jina la dada mkubwa, "Yaya, vaa viatu vizuri. Nakupeleka mu mlima. Kule iko muji ya zamani sana, utaipenda."

Ilikuwa mwezi wa kumi na moja. Basi lilipanda kwa mizunguko mpaka masikio yakaziba, na tuliposhuka nilikuta mji wote umejengwa kwa mawe ya rangi ya majivu: nyumba za mawe, ngazi za mawe, hata mabenchi. Ukuta wa ngome ya zamani uliuzunguka. Vichochoro vilikuwa vyembamba kiasi kwamba mtu na kikapu chake wangemzuia mwingine. Nje ya ukuta ulianza msitu wa miti mikubwa yenye majani ya rangi ya mawese, nasema kweli, rangi ileile, na chini yake zimetapakaa kokwa zenye maganda ya miiba ambazo wenyeji huzichoma na kuzila. Maji yalipita kando ya njia katika mfereji wa mawe uliochongwa na watu waliokufa zamani sana. Kila mti mkubwa ulikuwa na kibao cha jina lake.

Tulipokuwa tunaingia msituni nilimwuliza mdogo wangu tunakwenda kuchukua nini. Alisimama njiani akacheka mpaka akakohoa.

"Hatuchukue kitu, yaya. Tunatembea tu."

Nilitembea tu. Nilipenda, siwezi kukana. Lakini katikati ya miti ile nilianza kuona haya. Nyuma ya Rumonge kuna milima, na huko juu kuna msitu wenye sokwe ambao wageni hutoka mbali kuja kuutazama. Mimi nimezaliwa chini yake. Nimeupanda utotoni kwa ajili ya kuni, nikateremka na kuni. Sijawahi kuupanda hata siku moja kwa ajili ya kuutazama, wala sijui majina ya miti yake. Na hapa nilikuwa nimesimama mbele ya kibao, nasoma jina la mti wa watu kwa makini kama napewa mtihani.

Tulilala kwa mama mmoja wa makamo ya mdogo wa baba yangu, mfupi, mwenye koti la sufu lililotoboka kiwiko. Ujanani alifanya usafi katika majumba ya Ufaransa, kwa hiyo mimi na yeye tulielewana bila mkalimani. Yeye ndiye aliyetunza ufunguo wa kinu cha zamani cha mafuta ya zeituni, na kila siku saa tisa mchana aliwafungulia wageni. Siku hiyo, ukinitoa mimi, walikuwemo watu tisa, pamoja na yeye na mdogo wangu.

Mlango ulipofunguka niliona parafujo.

Ilikuwa ya mti, si ya chuma, lakini ni ileile. Mti mrefu umelazwa juu yake, na kwenye sakafu ya mawe palikuwa na duara lililochimbika kwa nyayo. Nililitazama sana duara lile. Minago kuna duara kama hilo, au lilikuwepo. Nilitoa simu nikaanza kupiga picha: parafujo, mti, duara, mfereji wa mafuta, tena parafujo.

Mama yule alieleza kwa Kifaransa kwamba punda walizungusha jiwe la kusagia, lakini parafujo ilisukumwa na wanaume. Kisha akatuonyesha ubao mweusi ukutani. Majina ya wasukumaji wote waliokumbukwa yalikuwa yamechongwa pale, moja chini ya jingine. Akaweka kidole kwenye mawili. "Babu yangu," alisema. "Na huyu baba yangu."

Mgeni mmoja, bwana mwenye koti la mvua, alitikisa kichwa. "Maskini," alisema kwa huruma ya kweli. "Kama wanyama."

"Kama watu, bwana," mama yule akamjibu.

Alisema taratibu, bila kupandisha sauti. Halafu akanigeukia mimi. Uso wake ulikuwa umechangamka. Nadhani alikuwa ameona jinsi nilivyolitazama duara. "Na kwenu, mama? Nimesikia Afrika mna mafuta ya mawese. Mnayakamua namna gani?"

Wote walinigeukia. Bwana wa koti la mvua alikuwa na macho ya upole, tayari kunihurumia. Nililiona lile neno lake likinisubiri, likimsubiri baba yangu.

"Kwetu siku hizi kila kitu ni umeme," nilisema. "Vitu kama hivi na sisi tunavitazama kwenye makumbusho."

Umeme! Mimi ninayesahihisha madaftari kwa tochi ya simu. Na kwa kuwa kazi yangu ni Kifaransa, nilidanganya bila kosa hata moja la sarufi. Mama yule alisema "Ah," akageuka kuzima taa ya kona. Alikuwa amedhani amepata mwenzake. Mdogo wangu alikuwa anatazama sakafu.

Pale mlangoni alimpa kila mgeni kichupa cha mafuta mapya ya mwaka huo. Nilipokea changu kwa mikono miwili, nikashukuru, nikakiweka dirishani chumbani.

Asubuhi nilikuta mafuta yamefanya ukungu na mabonge meupe, kwa ile baridi. Kwetu mafuta yakiganda huulizi mtu, unayapeleka kwenye joto. Nilishuka jikoni kwa mwenyeji wetu, moto wa kuni ulikuwa umeshawashwa, nikachuchumaa nikaanza kukizungusha kichupa kati ya viganja, karibu na moto lakini si karibu sana, nikikiinamisha kila mara kuona chini. Nilifanya bila kufikiri. Mama yule aliingia na mkate, akasimama. Huko kwao, nilikuja kuambiwa, mafuta yakiganda huachwa mpaka yayeyuke yenyewe.

Alivitazama viganja vyangu. "Wewe," alisema, "mikono yako imeyajua mafuta kabla hujajua kutembea."

Nafasi ya pili ndiyo hiyo. Jikoni hapakuwa na bwana wa koti la mvua. Hapakuwa na mtu wa kunihurumia, ila mtoto wa msukumaji na mtoto wa msukumaji. Na bado ulimi wangu, ambao tayari ulikuwa umeshasema umeme, uliona aibu kujirudi.

"Niliona kwenye televisheni," nilijibu.

Aliweka mkate mezani na hakuniuliza tena kitu mpaka tulipoondoka.

Basi lilituteremsha mpaka chini kabisa. Kisha mdogo wangu akasema, bila kunitazama, "Ungeniambia tu ninyamaze, ningenyamaza. Na weye pia ungenyamaza. Lakini weye ulisema papa yetu hakuwako." Nilimwambia asinifundishe, mimi ndiye mkubwa. Hivyo ndivyo ninavyokuwa nikiwa na makosa.

Baba anaishi Kizuka, katikati ya michikichi, katika nyumba aliyoijenga mwenyewe. Jumapili ya kwanza baada ya kurudi nilipanda pikipiki nikampelekea kichupa. Alikishika kwenye mwanga, akakinusa, akatia tone kwenye kidole.

"Iko nyepesi," alisema. "Kama maji ya chai. Lakini bameikamua vizuri."

Nilimweleza kuhusu kinu. Nilimweleza kuhusu parafujo ya mti, na duara, na ubao. Hapo akaniinulia mkono ninyamaze.

"Bameandika majina ya basukumaji?"

"Ndiyo, papa."

"Ku ukuta?"

"Ku ukuta."

Alikaa. Kidole chake chenye mafuta kilikuwa bado hewani. Nje kuku walikuwa wanagombana na yeye hakuwafukuza, na kwa baba hilo si jambo dogo. Mwishowe aliuliza kwa sauti ya chini, karibu ya haya, "Na weye ulibaambia? Kama papa yako alisukuma?"

"Nilibaambia," nilisema.

Ilinitoka upesi mno. Nilitaka kumpa kitu, na kichupa kikaonekana kidogo. Afadhali ningempa kichupa peke yake. Wiki ile nzima baba alizunguka Kizuka akieleza kwamba huko Ulaya, juu mlimani, kuna watu wanaojua kazi yake. Alieleza kanisani. Alieleza kwenye foleni ya maji. Mzee mmoja aliyesukuma naye zamani alinisimamisha barabarani, akavua kofia, akanishukuru kwa Kirundi, "Murakoze cane, mwalimu. Umetubeba." Nilimjibu kwa kutabasamu, halafu nikaingia kwenye duka la kwanza nililoliona ili nisitembee naye. Sikununua kitu. Nilisimama mbele ya sabuni nikajichukia.

Jumapili iliyofuata nilimkuta baba amevaa shati la kanisani saa nane mchana. Mezani alikuwa ameweka kile kikombe chake cha bati, kilichobanduka rangi, kilekile cha Minago. Nilidhani kilishapotea. Alifungua kichupa akamimina polepole mpaka kikombe kikafika nusu, akakisogeza upande wangu.

"Weye ndiye uliitoa mbali," alisema. "Ulipeleka jina yetu. Sasa iko haki yako. Sema, halafu ukamate."

Neno lilikuwa moja tu. Nimeshawahi kusema mengi makubwa kuliko hilo, tena nikiwa sina uhakika nayo. Nilifungua mdomo, na nikamwona na mguu wake ulioteguka, akirudisha kikombe ambacho watoto wake walikihitaji.

"Papa, sikubaambia."

Nilimweleza yote. Yule bwana na huruma yake, umeme, makumbusho, televisheni. Nilimwambia nilimwonea haya. Sikulizungusha, nilisema, nilikuonea haya wewe. Alisikiliza macho yakiwa kwenye kikombe. Nilipomaliza alikichukua, akakiinamisha juu ya mdomo wa kichupa, na kwa mikono ile inayotetemeka akarudisha mafuta yote ndani bila kumwaga hata tone.

"Basi hii si yako," alisema.

Hakuwa na hasira. Ningefurahi kama angekasirika, ningepata la kujitetea. Alikifunga kichupa, akakiweka juu ya kabati, na kikombe akakifunika kando yake. Kisha akaniuliza kama nimekula.

Kesho yake, wakati wa mapumziko, nilijifungia kwenye darasa tupu nikarekodi sauti kwa simu, mdogo wangu amfikishie mama yule. Safari hii Kifaransa changu kilikuwa kibovu, nilirudia rudia na kukwama. Nilitaka kusema baba alikuwa fundi wa mafuta, halafu nikaona naanza tena. Nikasema: baba yangu alisukuma. Kwa kifua chake, Minago, kando ya ziwa. Nilikudanganya mara mbili, na mara ya pili ilikuwa jikoni kwako.

Jibu lilikuja baada ya siku mbili. Mama yule hakunilaumu. Alisema alijua tangu aliponiona nazungusha kichupa, na kwamba baba yake naye aliwahi kukanwa, tena na yeye mwenyewe bintiye, kule Ufaransa, alipoulizwa na wenye nyumba. Kisha akaomba kitu kimoja. Nimtumie picha ya baba akisukuma, aitundike chini ya ule ubao.

Nilikaa nikaitafuta. Katika simu yangu kuna picha arobaini na moja za parafujo ya watu wengine. Kuna miti yao, ngome yao, mfereji wao, hata paka wao. Nilifungua na albamu ya mama yangu marehemu: harusi, ubatizo, mimi na cheti changu cha ualimu. Miaka yote ile nilimpelekea baba chakula kazini, na baadaye nilikuwa na kamera, na baadaye simu. Hakuna hata picha moja.

Nilimwambia baba. Akasema, "Tuende Minago."

Ziwa limepanda sana miaka hii, na uwanja wa mashine umekwenda na maji. Ndoo ya chuma haipo, mti haupo, duara liko chini huko mtu halioni. Parafujo tu ndiyo imebaki imesimama ndani ya maji ya magotini, imeliwa na kutu, na mtu ameifunga kamba ya kuanikia nguo. Baba alivua viatu akakunja suruali. Nilimwambia asiingie, atateleza. Alikuwa ameshaingia.

Alilifungua fundo la kamba, akalilaza vizuri juu ya jiwe shati la mtu lililokuwa limeanikwa hapo. Akapapasa chini kwa nyayo mpaka akapata pale anapopataka. Kisha akainama mbele, mikono ikashika mahali mti ulipokuwa, akaweka kifua chake kwenye hewa.

Nilipiga. Nilipiga nyingi, huku nikifuta macho kwa mkono wa blauzi. "Papa, imetosha," nilimwambia. "Zimetoka."

Hakujibu. Hakuinuka. Nilitaka kumwita tena, nikidhani amechoka au hakusikia, na ndipo nikaona jinsi alivyouinamisha uso, sikio likielekea chini, kwenye maji. Alikuwa kwenye mzunguko wa mwisho. Nikashusha simu, nikafunga mdomo, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu nikangoja naye.